Darasa la Jumamosi la Ugiriki ya Kale, Dodoma: maoni ya mzazi mwenye steshenari

Nianze na jibu, maana ndilo wazazi wanaloniuliza wakija kutoa kopi: lipieni. Darasa linafaa, na hela yake inaonekana kwa mtoto. Ila lina kasoro moja ambayo mtu wa kazi yangu hawezi kuifumbia macho, na nitaisema kwa kirefu kwa sababu inarekebishika.

Mimi nina steshenari hapa mjini. Natoa kopi, naprinti, nabaindi, nauza kaunta buku na maka peni. Binti yangu yuko kidato cha tatu na anapenda historia kuliko anavyopenda kulala. Muhula uliopita nikamwandikisha kwenye darasa la hadithi, historia na sanaa ya Ugiriki ya kale, linalofundishwa Jumamosi mchana kwenye nyumba ya kupanga upande wa Area C. Jina la kituo silitaji, kwa sababu nitasema mazuri na mabaya yake, na mwenye kituo ni mtu tunayegongana naye Majengo sokoni kila mara. Wa hapa mtakiona wenyewe: getini wamebandika picha ya bundi, ndege wa Athena, mungu wa kike wa mji wa Athens, na majirani walishalalamika kwamba bundi mlangoni ni mkosi.

Ada ni shilingi 45,000 kwa muhula, na wazazi wanaruhusiwa kukaa nyuma wakisikiliza. Dukani namwachia mdogo wangu, kwa hiyo nilikuwa nakaa. Ninayoyasema nimeyaona.

Kwanza hili la dini, tulimalize. Kwenye jumuiya yetu mama mmoja alinishika mkono akaniambia ninamlipia mtoto akafundishwe miungu ya kipagani. Nikamwambia, dada, fungua Matendo ya Mitume. Sura ya 14, watu wa Listra wanamwita Barnaba Zeu, yaani Zeus, mkuu wa miungu ya Wagiriki, na Paulo Herme, yaani Hermes. Sura ya 17, Paulo anasimama Areopago, pale pale Athens, anawanukulia Wagiriki maneno ya washairi wao. Sura ya 19, watu wa Efeso wanapiga kelele karibu saa mbili nzima kwa ajili ya Artemi, mungu wao wa kike. Ukisoma hayo bila kujua Hermes alikuwa mjumbe wa miungu na fundi wa maneno, huelewi kwa nini jina hilo alipewa Paulo aliyekuwa msemaji na si Barnaba. Darasani wamo pia watoto wa Kiislamu, na mzazi wao mmoja alipouliza, mwalimu alimkumbusha kwamba vitabu vya Aristotle, mwanafalsafa wa Kigiriki, vilitafsiriwa kwa Kiarabu na kusomwa Baghdad karne nyingi zilizopita. Hakuna anayefundishwa kusali kwa Zeus. Na kwa yale wanayosimuliwa kuhusu tabia za Zeus na wake za watu, sidhani kama kuna atakayetaka.

Mwalimu ni kijana aliyesomea ualimu wa historia, na kinachomtofautisha na wengi ni kwamba hakuanzia Athens. Alianzia pwani yetu. Somo la kwanza lilihusu Periplus, mwongozo wa safari za Bahari ya Hindi ulioandikwa kwa Kigiriki katika karne ya kwanza baada ya Kristo na mfanyabiashara wa Misri ambaye jina lake halijulikani. Wanafunzi wengi walishalisikia jina hilo shuleni, kama jibu la kukariri. Hapa walisomewa maneno yenyewe: soko la mwisho la pwani ya Azania, ndiyo hii yetu, linaitwa Rhapta, wenyeji wana mitumbwi iliyoshonwa kwa kamba, na kinachouzwa ni pembe za ndovu kwa wingi, pembe za faru na magamba ya kasa. Vinavyoletwa ni mikuki, mashoka madogo, visu na vyombo vya kioo. Rhapta ilikuwa wapi hasa, wataalamu wa mambo ya kale hawajakubaliana mpaka leo. Mtoto mmoja wa Kilwa, ambaye baba yake amehamishiwa huku na serikali, alikuwa na uhakika kabisa ni kwao. Baada ya hapo hakuna aliyeuliza Ugiriki inatuhusu nini.

Sasa ile kasoro: vitini, yaani karatasi za somo wanazopewa watoto.

Sanaa ya Wagiriki wa kale, hasa ya kuchora, imetufikia zaidi kwenye vyungu. Michoro yao ya ukutani na ya kwenye mbao karibu yote imepotea, lakini chungu hata kikivunjika vipande vyake havioz­i. Mwalimu alichagua chombo kimoja tu akakaa nacho somo zima, jambo nililolipenda mno: amfora, yaani mtungi wa mikono miwili, ya mchoraji Exekias wa Athens, iliyoko Makumbusho ya Vatican, ya kati ya mwaka 540 na 530 kabla ya Kristo. Achilles na Ajax, mashujaa wawili wa vita vya Troy, wamekaa wametazamana, mikuki mabegani, wameinamia mchezo uliowekwa kati yao. Karibu na mdomo wa kila mmoja kumeandikwa alichopata: Achilles nne, Ajax tatu. Kijana mmoja wa nyuma akasema, “Mwalimu, hao wako lindo wanacheza bao.” Darasa likacheka, lakini mwalimu akalichukua neno hilo na kuendelea nalo. Nani anashinda? Nani bado amevaa kofia ya vita? (Achilles. Ya Ajax imewekwa nyuma yake, juu ya ngao.) Kwa nini visigino vya miguu vimenyanyuka? Nani atakufa kwanza? Wote watafia Troy, Achilles kwa mshale, Ajax kwa upanga wake mwenyewe. Mgiriki aliyemimina divai kutoka chombo kile alilijua hilo, na wale wawili kwenye picha hawalijui. Binti yangu alirudi nyumbani akawaeleza wadogo zake picha ile akiwapanga kwenye viti.

Lakini kile kitini! Karatasi waliyopewa watoto ilikuwa kopi ya kopi ya kopi. Na uchoraji wa Exekias ndio mbaya kuliko yote kwa mashine chovu: sura ni nyeusi juu ya udongo mwekundu, na vitu vidogo vyote, nywele, ndevu, maua ya kwenye majoho, vimechorwa kwa kukwangua ule weusi kwa ncha kali. Pitisha picha hiyo kwenye mashine ya nyeusi na nyeupe ambayo toner yake imechakaa, wekundu unageuka kijivu, weusi unaziba, mikwaruzo inapotea yote. Watoto walipewa magunia mawili ya mkaa yaliyotazamana. Mwalimu ikabidi azungushe simu yake kiti kwa kiti, chumba kizima kikigombania kioo chenye ufa.

Hili halina kisingizio. Kuprinti rangi ukurasa mmoja wa A4 kwangu ni shilingi 500, kulamineti ni 1,000. Picha kumi ni 15,000, yaani theluthi ya ada ya mtoto mmoja, na zikishalaminetiwa zinapita mikononi mwa watoto miaka na miaka. Makumbusho makubwa ya Ulaya na Marekani yameweka picha safi za vyombo hivi kwenye intaneti, nyingine ni bure kabisa kuzipakua. Nilimweleza mwalimu. Akanijibu kwa upole kwamba hela inashikwa na mwenye kituo. Mwenye kituo akanijibu kwamba cha muhimu ni maelezo. Mtu anayefundisha sanaa anakwambia cha muhimu ni maelezo! Sijui nimweleze nini.

Bahati nzuri mwalimu ana akili ya kujiokoa. Alipofika kwenye mabadiliko ya karibu mwaka 530 kabla ya Kristo, mafundi wa Athens walipoanza kuacha sura ziwe nyekundu na kupaka weusi nyuma yake, hakutoa karatasi. Alichora ubaoni kwa chaki nyekundu, mara mbili, kisha akaeleza tanuri. Ule weusi si rangi ya dukani. Ni udongo laini uliochujwa sana, na moto ndio unaougeuza: hewa ikiingia, chombo kizima kinakuwa chekundu, ikizibwa, kinakuwa cheusi chote, ikifunguliwa tena, mwili unarudia wekundu na sehemu zilizopakwa zinabaki nyeusi. Kuna mtoto ambaye bibi yake anafinyanga vyungu, akauliza maswali ya kuni na ya upepo ambayo mwalimu hakuyaweza. Aliyaandika kwenye daftari lake akaahidi kuyatafuta, na wiki iliyofuata akaja na majibu ya baadhi. Mwalimu wa hivyo namlipia.

Somo la Dionysos, mungu wa divai, ndilo lililowashika wote, na hamhitaji kuuliza kwa nini. Mwalimu alikuja na zabibu za Hombolo kwenye ndoo. Wakala wakisimuliwa habari za Ikarios, mkulima wa Attica, nchi inayouzunguka mji wa Athens, aliyempokea Dionysos nyumbani akafundishwa kutengeneza divai. Ikarios, kwa ukarimu wake, akaipeleka kwa wachungaji. Wale wakainywa bila kuichanganya na maji, kichwa kikazunguka, wakadhani wamewekewa sumu, wakamuua. Binti yake Erigone akaongozwa na mbwa mpaka kwenye maiti, akajinyonga. Hapo ndipo mtoto anaelewa kwa nini Wagiriki walikuwa na chombo maalumu cha kuchanganyia divai na maji, kile kiitwacho krateri, na kwa nini kunywa divai tupu kulihesabiwa ushenzi. Vyombo vingine viliingia kirahisi baada ya hicho: amfora ya kuhifadhia, hidria yenye mikono mitatu ya kutekea maji, kiliksi ya kunywea. Mwaka mzima wangekaririshwa majina hayo yasingekaa.

Kijana ambaye kwao wana shamba Mpunguzi aliuliza Wagiriki walivuna mara ngapi. Mara moja, akajibiwa, kwa sababu baridi inaulaza mzabibu. Huku kwetu unavunwa mara mbili kwa mwaka. Akatikisa kichwa kwa kuwahurumia.

Ubishi mkubwa zaidi ulitokana na Persephone. Mnaijua hadithi: Hades, mfalme wa kuzimu, anamteka, mama yake Demeter, mwenye nafaka, anasusa, ardhi inakauka, mwisho wanapatana kwamba binti akae kuzimu theluthi ya mwaka kwa sababu alishakula punje ya komamanga kule. Theluthi! Watoto wa Dodoma wakapiga hesabu. Mvua zetu zinaanza mwishoni mwa Novemba au Desemba, zikifika Aprili zimeaga. Kwa hiyo Persephone wetu anakaa kuzimu zaidi ya nusu ya mwaka, na Hades amewadhulumu Wagogo. Mwalimu akawageuzia: Ugiriki mvua inanyesha majira ya baridi, na kiangazi ndicho kikavu. Sasa Demeter analia lini? Utenzi wa kale unasema binti anarudi baridi ikiisha, maua yanapochanua, kwa hiyo wengi wanaona ni baridi. Wengine wanasema ni wakati wa jua kali, mbegu ikiwa imehifadhiwa chini ya ardhi ikisubiri kupandwa. Darasa likagawanyika. Walikuwa bado wanabishana wakipanda bajaji.

Upande wa historia ndipo ninapotoa maksi kwa kubana mkono. Somo moja lilikuwa zuri sana na mengine yalikimbizwa.

Zuri ni lile la demokrasia ya Athens. Sisi ni mji wa Bunge, watoto hawa wanapishana na magari ya waheshimiwa kila siku, kwa hiyo mwalimu hakuhitaji kuwaeleza bunge ni nini. Aliwaeleza tofauti: mageuzi ya Cleisthenes ya mwaka 508 kabla ya Kristo, raia wenyewe kukusanyika mlimani Pnyx na kupiga kura, baraza la watu 500 lililopatikana kwa bahati nasibu. Kisha akavunja chungu kikuukuu sakafuni. Kila mtoto akaokota kigae. Athens, akasema, wananchi waliweza kumfukuza mtu yeyote mji kwa miaka kumi bila kumshtaki kwa kosa lolote. Kila mmoja anaandika jina kwenye kigae, kura zikitimia 6,000 mwenye jina anaondoka. Waandike jina la mtu wa kutolewa nje dakika kumi. Wakaandika. Lakini kabla ya kukusanya akapita akiwagawia baadhi ya watoto vigae vya ziada, “kwa wale ambao vyao vimevunjika vibaya.” Kura zilipohesabiwa kiranja wa darasa akawa amefukuzwa kwa kishindo.

Msichana mmoja akanyanyua mkono akasema vigae vingi vina mwandiko mmoja.

Na ndiyo historia yenyewe. Katika kisima kimoja kwenye mteremko wa kaskazini wa Akropoli, kilima cha mahekalu cha Athens, vilikutwa vigae kama 190 vyenye jina la Themistocles, mshindi wa vita vya baharini vya Salamis vya mwaka 480 kabla ya Kristo, na wataalamu walipochunguza miandiko wakaona viliandikwa na watu wachache tu. Viliandaliwa mapema vigawiwe. Kelele zilizofuata sitaziandika hapa, maana watoto wa siku hizi wana mifano yao. Binti yangu aliuliza wanawake walikuwa wanapewa vigae pia. Hapana, wala watumwa, wala wageni hata wakiwa wamezaliwa pale. Akaandika hivyo kwenye daftari na kupiga mstari chini mara tatu.

Baada ya kilele hicho, vita. Marathon 490, Thermopylae na Salamis 480, vita vya Athens na Sparta kuanzia 431 hadi 404, kifo cha Alexander 323, vyote Jumamosi moja, kwenye jedwali la kunakili ubaoni. Huo ni ule ule ubaya wa kukaririsha ambao tulidhani tunaukimbia tukilipia. Tauni ya Athens ya mwaka 430 ilipita kwa sentensi moja! Mji umezingirwa, watu wa mashambani wamesongamana ndani ya kuta, ugonjwa unaingia, Pericles mwenyewe anafariki mwaka 429, na mwandishi Thucydides anaugua, anapona, anaandika dalili moja baada ya nyingine. Watoto waliopitia ule wakati wa corona wangekuwa na mengi ya kusema.

Sehemu ya maigizo sikuipenda pia, kwa sababu ndogo. Walisoma vipande vya igizo la kale la Oedipus kwa Kiingereza kigumu, nusu ya darasa ikasinzia, wakati Samuel Mushi alishalitafsiri igizo hilo kwa Kiswahili zamani, Mfalme Edipode. Kopi zake ni adimu, nakubali, lakini mwalimu aliyeweza kutafuta habari za tanuri anaweza kutafuta na hiyo.

Uchongaji ulirudisha uhai darasani. Watoto walishangaa kuambiwa sanamu zile nyeupe zilikuwa zimepakwa rangi, midomo myekundu na majoho ya buluu. Mimi nilifurahi kusikia kwamba ile sanamu ya mrusha kisahani, ya mchongaji Myron, ninayoiona kila mahali ni kopi: ya awali ilikuwa ya shaba nyeusi, imepotea, na tunaijua kwa sababu Warumi waliitolea nakala za marumaru. Kazi yetu ni ya zamani kumbe.

Halafu Parthenon, hekalu la Athena juu ya Akropoli. Imejengwa kati ya 447 na 432 kabla ya Kristo, ikasimama zaidi ya miaka elfu mbili, mpaka mwaka 1687 Waveneti, watu wa Venice kule Italia, walipoipiga kwa mizinga wakati Waturuki wamehifadhi baruti ndani. Mwanzoni mwa karne ya 19 balozi wa Uingereza, Lord Elgin, akabandua sehemu kubwa ya sanamu zilizobaki, na mwaka 1816 serikali yake ikazinunua kwa ajili ya Makumbusho ya Uingereza, ziko London mpaka leo. Ugiriki inazidai. Athens imefungua makumbusho mapya mwaka 2009 chini ya Akropoli, na nafasi za zile zilizoko London zimejazwa nakala za plasta. Mwalimu alipouliza zirudishwe au zisirudishwe, darasa halikuzungumzia marumaru hata kidogo. Walizungumzia mjusi wetu mkubwa wa kale, yaani dinosaria, wa Tendaguru, Lindi, aliyechimbwa na Wajerumani kati ya 1909 na 1913 na ambaye mifupa yake imesimamishwa Berlin. Wapo waliosema arudi kesho. Wapo waliosema akirudi tutamweka wapi, na nani atalipa umeme. Mmoja akasema Waingereza na Wajerumani wabaki na kopi, wao ndio wenye mashine nzuri.

Mengineyo kwa haraka. Viti ni vya plastiki na vinatosha. Choo ni safi. Dirisha la magharibi halina pazia na jua la alasiri linawachoma walioko upande huo, kwa hiyo mwambieni mtoto awahi kukaa karibu na mlango. Somo linaanza saa nane kweli, si saa nane ya kwetu. Kwa mtihani wa NECTA moja kwa moja darasa hili halimpi mtoto maksi nyingi, na anayetaka maksi tu vituo vya twisheni vimejaa mjini. Ada inalipwa kwa awamu mbili ukiomba.

Muhula ujao wameahidi safari ya Kolo, kule Kondoa, kuangalia michoro ya miambani iliyowekwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006: watu warefu wembamba wa rangi nyekundu na wanyama, vimechorwa na watu ambao hawakuwa na krateri wala balozi wa kuwabandulia. Mwalimu anataka watoto wachore walichokiona huko na kukilinganisha na vyungu vya Athens. Nauli, chakula na kiingilio havimo kwenye ada, kiasi kitatajwa kwenye kikao cha wazazi. Nimeomba basi liondoke Dodoma alfajiri, maana lami ipo lakini kupanda ile miamba kwa jua la saa sita ni kumtesa mtoto, na kila mmoja abebe maji yake.